Makala ya Ndiga

Mwaka ule majeshi ya Mdachi yalichoma mashamba ya bara ili waliokunywa maji ya mganga wafe njaa, na mjini Lindi nako watu wakaanza kula visivyolika. Jirani za Yunusu, baba, mama na watoto, walikula ndiga, kile kiazi pori chenye sumu, baada ya kukiloweka kidogo tu. Wakazikwa pamoja.

Yunusu alikuwa mwalimu wa watoto katika skuli ya serikali. Aliporudi nyumbani kutoka makaburini alimkuta shangazi yake, Kadija, amekaa kizingitini. Bibi huyo alikuwa amekimbia kutoka Rutamba, huko bara, nyumba yake ilipochomwa. Mwanawe, Likwata, alibaki porini na wapiganaji.

"Shangazi, kwenu si mnakula ndiga?"

"Tunakula, baba. Lakini inakatwa nyembamba, inatiwa kapuni, kapu linawekwa kwenye maji yanayokwenda. Hawa waliitia chunguni."

Maneno hayo hayakumtoka Yunusu kichwani. Misheni ilikuwa na gazeti dogo la Kiswahili, na mhariri wake alikuwa Andrea, mtu wa makamo asiyecheka ovyo. Yunusu hakuwa amewahi kuandikia gazeti. Akaandika makala ndefu, nusu yake salamu na dua, akaipeleka.

Andrea aliisoma akiwa amesimama. "Mwalimu, haya umeyaona au umeyasikia?"

"Nimeambiwa na shangazi yangu. Hasemi uongo."

"Sikusema anasema uongo. Mtu atakula kwa kutuamini sisi. Nenda kajaribu, kisha uandike ulichofanya. Na kilichoharibika ukiandike pia."

Kadija akamtuma ndugu mmoja aliyejua njia za porini, akaleta ndiga kutoka bonde moja nyuma ya Rutamba. Yunusu akazikata, nyingine akazitia chunguni, nyingine akaziweka kijitoni. Kuku aliyelishwa za chunguni alilegea shingo, akafa. Aliyelishwa za kijitoni aliendelea kuparura uani. Ndipo Yunusu akala mwenyewe, akakaa anajisikiliza moyo, huku shangazi yake akimgombeza kwa Kimwera.

Akaandika upya, na safari hii Andrea alitikisa kichwa kukubali. "Sasa nakuamini. Ila hukusema umezichimba wapi. Anayetaka kuhakikisha atazitafuta wapi?"

Yunusu akaandika jina la bonde palepale, akarudi nyumbani na furaha yake, akamsimulia Kadija.

Bibi akainuka. "Umetaja bonde?"

"Ndivyo utafiti unavyoandikwa, shangazi."

"Watu wa boma wanalisoma gazeti hilo?"

Walilisoma kabla ya wote. Tangu vita vianze, hakuna karatasi iliyochapwa bila afisa wa boma kuipitia kwanza.

"Wanatafuta mahali watu wetu wanapopata chakula," Kadija alisema. "Likwata anakula pale."

Yunusu alitoka mbio. Alipoingia kwenye chumba cha chapa, afisa alikuwa ameshaketi mezani, anasoma ukurasa mmoja, na kurasa nyingine zimelala mbele yake. Makala ya ndiga ilikuwa chini kabisa. Yunusu aliitambua kwa kichwa chake cha habari, kilichochomoza ukingoni.

"Bwana mkubwa, samahani. Makala yangu ina kosa. Naomba niirudishe."

Afisa aliinua macho. "Kosa gani?"

"Nimejaribu ndiga za mahali pamoja tu. Huenda za kwingine zina sumu kali zaidi. Mtu akinifuata anaweza kufa." Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, akagundua kwamba ni kweli tupu.

"Na hizo ulizitoa wapi?"

Andrea, aliyekuwa amesimama kando ya meza, alikuwa ameshauvuta ule ukurasa kutoka chini. "Mwandishi akiwa na shaka, bwana, sisi hatuchapi," alisema, akaukunja, akautia motoni palipochemshwa gundi. Kisha akaiendea meza ya herufi, ambako makala ilikuwa imeshapangwa, akaanza kuzibomoa mstari kwa mstari, bila haraka. Afisa alimtazama Yunusu, halafu akaendelea kusoma.

Yunusu akaanza upya. Alichimba kwenye kilima cha nyuma ya mji, mbele ya macho ya askari waliomcheka, akaloweka kijitoni vilevile kama mwanzo. Kuku akafa. Yunusu alibaki ameshika kapu: makala yake ya kwanza ingeua watu. Ikambidi aloweke tena na tena, mpaka maji yakaacha kutoa povu na vipande vikaacha kuwasha ulimi, na hizo ndizo alama alizoandika badala ya kuhesabu siku. Mahali akataja kilima cha mji. Shangazi yake, kwa ombi lake mwenyewe, akawa "bibi mmoja wa bara".

Makala ilitoka, fupi, jina la Yunusu limekosewa. Ilisomwa kwa sauti misikitini na visimani. Waliokufa kwa ndiga wakapungua, ingawa hawakwisha. Likwata alitoka porini vita vilipopoa, mifupa mitupu, lakini hai.

Yunusu alipomsomea Kadija gazeti, bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Hukusema wasiloweke upande wa juu wa mahali pa kuteka maji. Sumu ile inaua samaki, sembuse mtu."

Yunusu akavaa kanzu, akaenda kwa Andrea kuuliza namna ya kuandika sahihisho.