Radi na Mpira Ulioanza Kuanguka Karibu

Kinyozi huyo walimwita Radi, na jina hilo hakulipata kwa hasira. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, mtu wa kuinamia kichwa cha mteja na kusikiliza zaidi ya kusema. Jina alilipata ujanani kwenye uwanja wa gofu, alipokuwa akiwabebea wachezaji mikoba yao ya fimbo. Jumatatu wenye uwanja hawakuja, na wabeba mikoba waliruhusiwa kucheza. Yeye alipopiga, mpira ulipaa ukapotea machoni, wenzake wakabaki kuulizana umeangukia wapi. Baadaye alijifunza kunyoa, akafungua duka, akaoa mshonaji, akapata watoto na wajukuu. Jumatatu yake lakini hakumpa mtu.

Alipovuka miaka sitini, jambo la ajabu likatokea. Kulikuwa na shimo moja ambalo mfereji wa maji umekatiza njia ya kulifikia, mfereji aliokuwa akiuvusha mpira bila hata kuufikiria. Jumatatu moja mpira ukatumbukia majini. Akacheka, akasema ni upepo. Jumatatu iliyofuata hapakuwa na upepo, na mpira ukatumbukia tena.

Rafiki yake aliyecheza naye, dereva mstaafu wa malori, hakuona cha kushangaza.

"Uzee huo, bwana," alimwambia. "Mbona mimi nilikuwa na nywele?"

Radi hakukasirika, ila jibu halikumtosha. Uzee, sawa, lakini umeingilia wapi? Begani? Magotini? Mikono yake ilikuwa na nguvu zile zile. Kutwa nzima ilishika mashine ya kunyolea bila kutetemeka. Akajaribu mipira mipya, mambo yakawa yale yale. Akaazima fimbo ya mtu mwingine, nayo ikamwangusha palepale. Kila sababu isiyofaa aliiondoa kwenye hesabu yake, na kila alipoiondoa hamu ya kujua ilizidi.

Aliyempa fununu ya kwanza ni mkewe. Alikuwa akimpima shati, utepe shingoni na pini mdomoni, akamwambia ageuze mabega aone mgongo unavyovuta. Radi akageuka. Mkewe akatoa pini mdomoni.

"Nimesema mabega, baba watoto. Umegeuka mzima kama kabati linalohamishwa."

"Si nimegeuza mabega?"

"Umegeuza miguu. Mabega yamefuata tu."

Akajitazama kwenye kioo kirefu cha mkewe, nyayo zimetulia sakafuni, akajaribu tena. Kweli, kifua kilikwenda kidogo kikagoma. Hakuna palipouma. Palikuwa pamefungwa tu, kama mlango uliovimba kwa mvua.

Kesho yake dukani alijichunguza kama anavyochunguza kichwa cha mteja mgeni. Hapo akagundua kitu alichokuwa akikifanya miaka yote bila kujua: akitaka kufikia upande wa pili wa kichwa, hakujipinda hata kidogo. Alikizungusha kiti. Kiti kile kizuri, alichokinunua kwa fahari, kilikuwa kikimgeukia yeye, na mgongo wake ukasahau kugeuka.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa akifanya kazi hospitalini kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Jumapili alipokuja kuwasalimia, Radi hakumwacha hata anywe chai. Shemeji akamkalisha kwenye stuli, akamwambia akunje mikono kifuani na ageuke bila kunyanyua makalio. Kisha akamtaka ainuke bila kujishikilia popote. Akainuka, ila kwa kuguna. Shemeji akamweleza kwamba umri huanza kuchukua wepesi kabla ya kuchukua nguvu, na kwamba mpira haupelekwi mbali na mikono peke yake. Nguvu huanzia miguuni, hupitia nyonga na mgongo, mikono inamalizia tu.

"Kwa hiyo hayo yaliyopotea yanarudi?" Radi akauliza.

"Mengine yatarudi, shemeji. Mengine hayarudi. Tutajua ukifanya."

Jibu hilo lilimpendeza kuliko kama angeahidiwa miujiza. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alilala chali sakafuni, magoti juu, akayalaza upande huu na upande ule huku mabega yamebaki chini. Aliinuka na kuketi kwenye stuli mpaka mapaja yakawaka moto. Mkewe alimruka akipita na vitambaa vyake, akamwambia akimaliza apige deki kabisa maana yuko huko huko chini.

Kilichomfurahisha zaidi alikiona mwenyewe. Kila anapomaliza kunyoa hukung'uta shuka la mteja, nalo hulia pa! Siku moja akajiuliza mlio ule unatokea lini. Akakung'uta tena, na tena, shuka halina hata unywele. Likilia mapema, kabla mkono haujanyooka, mlio ulikuwa dhaifu. Likilia mwishoni, lilishtua watu barabarani. Akachukua mpini wa ufagio, akauzungusha kama fimbo ya gofu, akasikiliza. Upepo wa mpini ulivuma juu karibu na bega, na chini, pale mpira ungekuwepo, ulikuwa umeshanyamaza. Kumbe nguvu zake zote alikuwa akizimaliza njiani! Alipomsimulia shemeji, naye akauomba mpini, wakazungusha kwa zamu uani hadi mkewe akawauliza ufagio wenyewe umekosa nini.

Miezi ikapita. Jumatatu moja mpira ukauvuka mfereji, ukadunda ukingoni ukasimama. Jumatatu iliyofuata ukazama. Radi akagundua kwamba siku alizojinyoosha kwanza uliruka vizuri, na siku alizochelewa akapiga mwili ukiwa bado baridi, haukufika. Siku hizo alichagua kupiga mpira mfupi hadi ukingoni, kisha mwingine wa kuvuka, jambo ambalo Radi wa zamani angelionea haya. Huyu wa sasa alitaka tu kuona itakuwaje, na mara nyingi alimaliza shimo hilo kwa mapigo machache kuliko siku za kuzamisha mpira.

Halafu asubuhi moja yule dereva akaja dukani mapema, kichwa chake kisicho na kazi ya kinyozi, akazungukazunguka, akagusa hiki na kile.

"Hayo magoti," akasema mwishowe, "unayalaza upande gani kwanza?"

Mteja wa kwanza alipofika alikuta wazee wawili wamelala chali sakafuni, magoti yameelekea ukutani, mmoja akimwonya mwenzake asinyanyue bega. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, akauliza kama wamefungua.

"Tumefungua," Radi akamjibu kutoka chini. "Karibu ukae. Tumebakiza upande wa kushoto."