Jiwe Wanaloliruka Waumini

Shangazi yangu amelifagia kanisa la zamani, pamoja na makaburi yaliyo nyuma yake, kwa miaka ishirini na mitatu. Watu humwita Mama Fagio, naye huitika bila kinyongo.

Hatua mbili ndani ya mlango, sakafuni, kuna jiwe bapa ambalo waumini huliruka. Husemwa kwamba atakayelikanyaga atang'oka meno. Hata maharusi hukunja gauni na kuruka. Shangazi peke yake hulisugua kila Jumamosi, na vidole vyake vilimwambia zamani kwamba lina maandishi.

Mwezi uliopita kamati iliamua kumwaga saruji sakafu nzima. Shangazi akapinga, akisema huenda jiwe lile ni kaburi.

"Kama ni kaburi tutaliacha," mwenyekiti alimwambia. "Lakini ulithibitishe kabla fundi hajaanza kazi."

Fundi mwenyewe ni shemeji yake. Jumanne asubuhi aliingia na toroli la saruji, akamkuta shangazi amepiga magoti, mkononi ana kioo cha kabati lake la nguo.

"Shemeji, siku hizi unajipodolea kanisani?"

"Nisije nikafanana na wewe. Hebu shika hiki, usimame mlangoni penye jua. Kiinamishe. Chini zaidi."

"Saruji itaganda."

"Na wewe ganda hapo hapo."

Mwanga wa kioo ulilipiga jiwe kwa ubavu, na kila mchoro ukaweka kivuli chake. Shangazi akasoma polepole: "Hapa amelala mwashi aliyejenga mnara huu."

Mawe mengine ya sakafu ile yalikwisha kulainishwa na nyayo. Hayana hata herufi moja. Hili lilikuwa limelindwa na woga wa watu wa kung'oka meno.

Fundi alitoka nje, akautazama mnara tangu chini hadi juu.

"Haujapinda hata kidogo," alisema aliporudi. "Huyu bwana alijua kazi."

Mwenyekiti alipofika alisoma mara mbili, akatimiza ahadi yake. Fundi akalizungushia jiwe mbao, akaanza kumwaga saruji pembeni, akiweka pimamaji kuona usawa kila baada ya hatua.

"Mbona leo unapima hivyo?" shangazi akamuuliza. "Sakafu ya jikoni kwangu hukuipima hata mara moja."

"Kwako, shemeji, hakuna fundi aliyekuwa ananitazama."

Shangazi alicheka hadi akaegemea ufagio, kisha akaenda kumletea maji ya kunywa.