Sindano Haivunji Funga

Siku moja utotoni mwangu tulikuwa uani kwetu Kolwezi: mimi, baba, aliyekuwa dereva wa lori na pia mwalimu wa Kurani, kaka yangu Saidi, na Mama Albertine, muuguzi Mkatoliki, jirani yetu. Jana mjukuu wangu alichanjwa, na harufu ya spiriti ikanirudisha pale.

Ilikuwa funga yangu ya kwanza. Mama Albertine alipoleta chanjo ya ndui, nilijificha nyuma ya pipa la maji.

“Sindano itavunja funga yangu!”

Saidi akacheka. “Mi najua, unaogopa tu!”

“Tata mwalimu, nirudi kesho?” Mama Albertine akamuuliza baba.

“Hapana mama, choma tu,” baba akasema, akanishika mkono. “Mutoto, funga inavunjwa na chakula na maji. Hii ni dawa, haishibishi. Mungu mwenye alituambia tufunge, ni yeye alipatia batu akili ya kutengeneza dawa.”

Nikachomwa, sikulia. Mama Albertine alifurahi mno, akanitia bonbon, peremende tamu, mdomoni.

“Tema!” baba akapiga kelele. “Hiyo ndiyo inavunja!”

Nikaitema pamoja na mate yote. Magharibi ilinikuta na funga yangu nzima. Aliyeniona nikimeza hata kidogo, anisahihishe.