Pini za Goti la Atuganile

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa sokoni Tukuyu, hata hospitali zilianza kupata vitu vigeni. Ndivyo Atuganile, mwenye kishamba cha chai Kinyala, alivyojikuta na kidonda kilichobanwa kwa pini za chuma. Aliteleza kwenye mteremko akichuma, akavunja pia ya goti. Daktari aliyempasua alitaka kujua kipi kinaponya vizuri zaidi, pini au uzi, kwa hiyo wagonjwa wengine aliwashona, wengine akawabana.

Kitanda cha jirani alilala Veronika wa Bulyaga, muuza vitenge, yeye wa uzi. Kila asubuhi nesi akifungua bandeji, walichunguliana magoti.

"Mimi nimeshonwa, mwenzangu," Veronika alimtania. "Wewe umebanwa kama makaratasi ya bwana shamba."

Atuganile alicheka, lakini alikuwa anaogopa. Uzi aliujua, hupita kwenye nyama ukashika. Pini aliziona zimeshika juu juu tu. Na daktari alishawaonya wote wawili: ukikunja goti, kidonda kitaachia. Goti likiharibika, nani atapanda ule mteremko na kikapu mgongoni? Hata chafya aliipiga huku ameshikilia paja.

Sasa, kwao mkamwana haonani na baba mkwe. Akimsikia anakuja, hujificha, au huchuchumaa kando mpaka apite. Mzee Ambindwile, baba mkwe wake, alikuwa na ustaarabu wa kukohoa kwa nguvu kabla hajafika, ili kumpa nafasi. Jumapili moja alikuja kumjulia hali kupitia kwa nesi, na kikohozi kile kikasikika mlangoni mwa wodi. Atuganile hakuwaza. Miguu ilishuka yenyewe, akachuchumaa nyuma ya kitanda. Kitu kikaachia gotini, damu ya moto ikamshuka hadi kwenye kisigino.

"Umefanya nini, dada?" Veronika akanong'ona.

Pini za katikati zilikuwa zimeng'oka. Daktari akapashona kwa uzi, akasema kwa hasira kwamba safari nyingine mfupa wenyewe ndio utakaoachia. Goti moja likawa na pini na uzi, na bado hofu haikumtoka. Sasa aliiogopa miguu yake mwenyewe. Mwanamume yeyote akikohoa koridoni, alikamata chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

Jumapili iliyofuata kikohozi kikarudi.

"Nishike," alimwomba Veronika. "Nitashuka. Najijua, nitashuka."

Veronika akajikongoja, akamkandamiza mabega.

Mzee Ambindwile akaingia kinyumenyume. Kofia mkononi, alirudi nyuma taratibu akipapasa vitanda, mpaka akasimama katikati ya wodi amewapa mgongo, macho mlangoni.

"Mwambie mwanangu asishuke," alimwambia Veronika bila kugeuka. "Leo aliyejificha ni mimi."

Atuganile akaachia chuma cha kitanda, akalia, goti limenyooka.