Mwiko Nilioutaja Ukweni

Shule niliishia darasa la nne, lakini watu nawasoma. Nilianza kwa kubeba samaki begani pale Bukoba. Leo nina mitumbwi mitatu ya injini kisiwani Goziba, na nyumba mtaa wa Bilele mjini ambayo wapita njia husimama kuitazama. Huwezi kufika hapo kama hujui kumpima mtu. Kwa hiyo nahodha wangu, niliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili, aliponiambia anataka kuoa binti wa Muleba, na kwamba baba yake mdogo ndiye atakayemsemea kwa kuwa baba mzazi alishafariki, nilikataa.

"Mzee wa watu atoke Misenyi kote huko aje kufanya nini? Mimi ndiye ninayekujua. Nakujua kuliko mama yako."

"Sawa, mzee," akasema.

Ukweni tulipokelewa vizuri. Tulipewa kahawa ya kutafuna, tukasalimiana mpaka salamu zikaisha. Kwa desturi yetu mchumba hukaa kimya, anayejibu ni msemaji wake. Nami nilijibu kweli kweli. Nilieleza bidii yake, nikaeleza adabu yake, na sikusahau kueleza ni nani aliyemfundisha hayo yote. Kisha babu wa binti akauliza lile swali ambalo Mhaya haozi mtoto bila kuliuliza.

"Na omuziro wao, waitu? Ukoo wao una mwiko wa kula nini?"

Ningeweza kumgeukia kijana nikamuuliza. Lakini nilishajisifu mno. Nikakumbuka kwamba miaka yote kule kisiwani, akipikwa samaki yule kamongo, nahodha wangu husogeza sahani pembeni.

"Kamongo," nikasema.

Shangazi wa binti akashika kichwa. "Yesu wangu! Kamongo si ndio sisi?"

Kwetu wenye mwiko mmoja ni ndugu, hawaoani. Kutoka chumba cha pili, alikokaa binti na wenzake, nikasikia mtu ameanza kulia.

"Kumbe mmetuletea kaka yake," babu akasema. "Mpeni kaka chai, anywe, aende."

Hapo nahodha akainuka. "Nisameheni kwa kusema, waitu. Mwiko wetu ni tumbili. Mpigieni baba mdogo."

Wakampigia, simu ikawekwa mezani sote tusikie. Mzee wa Misenyi akataja ukoo wao, akataja mababu mmoja mmoja bila kusitasita. Tumbili. Chumba cha pili wakapiga vigelegele.

Mimi nikamgeukia kijana kwa hasira, kama niliyedanganywa. "Sasa kamongo huli kwa nini?"

Akatazama chini. "Siku ya kwanza kazini, mzee, ulisema kamongo ni chakula cha walioshindwa maisha. Nikaacha kumla mbele yako. Nyumbani namla."

"Msemaji," shangazi akaniambia, akinisogezea kisahani, "wewe tafuna kahawa. Kijana atajisemea."

Wakacheka, nami nikatafuna. Nikamsikia akiwaeleza wakwe kwamba alizaliwa pacha, mwenzake akafa. Kwamba anajua kushona, na suti aliyovaa ameishona mwenyewe. Asubuhi ile nilikuwa nimemuuliza fundi wake ni nani, akanijibu, "Yupo mmoja mjini."

Nimeliwaza sana jambo hili. Sikuwa kipofu. Ile sahani kusogezwa niliiona kwa macho yangu, tena mara nyingi. Ila miaka yote hiyo nilikuwa namtazama mtu ambaye naye ananitazama mimi, ajue aweje.

Binti tulipewa. Tukiwa njiani kurudi Bukoba nikajaribu kuanza upya.

"Hivi, kazi hii ya ziwani unaipenda kweli?"

"Naipenda sana, mzee," akasema, haraka kama siku zote.

Zamani jibu hilo lingenifurahisha. Siku ile nilimtazama usoni mpaka akageukia dirishani, na sikujua kama ni kweli.