Maana Niliyoutungia Wimbo wa Dada wa Japani

Siku yangu ya kwanza redioni, pale Iringa, nilitetemeka mpaka Meneja wa Vipindi akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia ni baridi tu. Uongo. Niliogopa. Mimi ni mwoga tangu kuzaliwa, na ninyi vijana mnaoingia kazi hii leo na simu zenu mkononi msidhani mwoga hafai redioni. Anafaa sana. Anaangalia saa, anapima sauti, hachelewi. Ila akibanwa, mwoga husema uongo upesi kuliko mtu mwingine yeyote, na hilo ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Meneja alinikalisha mbele ya mikisa, ile meza ya vitufe vya kupandisha na kushusha sauti, akanionyesha namna ya kufifisha wimbo mmoja huku mwingine unaingia. Kisha akanipa karatasi.

"Hii, Tusekile, ndiyo itakayokutoa kazini usipoangalia," akasema.

Ilikuwa fomu ya maelezo. Kila wimbo wa lugha ngeni, kabla haujapigwa, mtangazaji aliandika unasema nini akatia sahihi. Aliyenitangulia kwenye kiti kile alipiga wimbo wa Kilingala Jumapili asubuhi, watu wanavaa kwenda kanisani, kumbe una matusi ya nguoni. Ibada haijaisha, keshafukuzwa. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa nikiota ile fomu.

Basi, kulikuwa na mwalimu wa hesabu, Mjapani wa kujitolea, aliyefundisha sekondari moja nje ya mji. Alipenda kupita kituoni, anatuamkia "kamwene" kama Mhehe wa Tosamaganga, anakaa kusikiliza. Mkataba wake ulipokwisha nilimsindikiza stendi, akanipa sidii ya mwimbaji wa kwao. Jina limeandikwa kwa herufi zao, mimi naona vijumba vijumba tu.

"Huyu dada anatunga mwenyewe, anapiga gitaa mwenyewe," akaniambia. "Huu wa tatu ni wa kungoja. Mtu anangoja..."

Dereva akapiga honi. Mwalimu akarukia basi, nami sikumwona tena.

Nilipouweka wimbo ule wa tatu nilisahau hata kuogopa. Dada yule huvuta pumzi kabla ya kuimba, na unaisikia. Unasikia kidole kikiteleza kwenye waya wa gitaa. Halafu anaimba taratibu, kama mtu anayeongea na wewe peke yako jikoni. Mwalimu wa kwaya mmoja Mlutheri, mzee mkali wa tonikisolfa, nilimvalisha vipokea sauti masikioni, akafumba macho.

"Do, re, mi, so, la," akasema. "Hana fa, hana ti. Mwanangu, bibi yangu aliimba hivi hivi akipalilia mahindi. Huyu Mjapani kazipata wapi noti hizi?"

Nikachukua fomu. Nilichojua ni neno moja, kungoja. Ningeweza kuiacha sidii kabatini, na hadi leo ningekuwa nalala vizuri. Lakini niliutaka wimbo ule, na kalamu ilikuwa mkononi. Nikaandika: "Mama anamngoja mwanawe aliyesafiri mbali. Anamwambia, chakula chako kipo, mlango sijaufunga, nitakungoja mpaka urudi." Nikatia sahihi.

Kila nilipoupiga niliyasoma maneno hayo kwa sauti ya huruma. Loo, nilijiona mtangazaji hasa! Meseji zikamiminika: tupigieni Dada wa Japani. Saluni wanauimba, gereji wanauimba, hakuna anayejua neno hata moja. Nilipohamishiwa kituo cha Mbeya niliibeba ile sidii ndani ya sweta, na huko ukapendwa mara mbili.

Siku moja akaja mwanamume wa makamo, kavaa koti la mvua, anatokea mtaa wa Iyunga. Mkuu wa Kituo alikuwa safarini, nikampokea mimi.

"Wewe ndiye unayesoma maneno ya ule wimbo wa Kijapani?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Mimi ni baba mdogo wake Ambakisye. Alikuwa utingo wa lori, akaondoka kwenda Tunduma, huu mwaka wa saba. Ukoo umekaa, tumekubaliana tufanye msiba tumalize, mkewe apumzike. Mama yake hataki. Kila jioni anamwekea sahani. Anasema hata redioni wameimba kwamba mama hungoja mpaka mwana arudi. Nakuuliza dada yangu, ni kweli wimbo unasema hivyo?"

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu mle ndani. Nikaiona akilini ile fomu, nikaiona sahihi yangu.

"Ni kweli," nikamjibu.

Akashukuru, akaondoka ameinama. Tangu siku hiyo niliacha kuupiga wimbo. Wasikilizaji wakapiga simu kulalamika, Mkuu wa Kituo akaniamuru niurudishe. Nikaurudisha, na maneno yake.

Miezi michache baadaye Mkuu wa Kituo aliingia studio anacheka.

"Tuse, Mungu ametupenda! Kuna mhandisi Mjapani wa mradi wa maji, Kiswahili kinamtiririka. Alhamisi anakuja kwenye kipindi chako kutuchambulia nyimbo za dada yetu."

Nikasema vizuri sana, mkuu.

Alhamisi nilimvizia yule mhandisi getini saa nzima kabla ya kipindi, nikamwingiza kwenye chumba cha kuhariria, nikampigia wimbo. Alisikiliza hadi mwisho, anatabasamu.

"Nilikuwa naimba huu nikiwa chuo," akasema.

"Unasema nini, kaka? Niambie taratibu."

"Msichana anangoja basi. Basi haliji. Anangoja sana, mvua inaanza. Mwisho anasema, basi, sitangoja tena, natembea. Anatembea kwenda nyumbani, analowa, na anafurahi."

"Hakuna mama?"

"Hakuna."

"Wala mwana?"

"Hakuna, dada. Mbona unalia?"

Nilimweleza yote. Nikamwomba aseme uongo wangu, nasema kweli, nilimshika mkono nikamwomba. Akasema hawezi, ila angeweza kuniacha nitangulie kusema mimi.

Taa nyekundu ikawaka, maana yake tuko hewani. Mkuu wa Kituo yuko nyuma ya kioo, kanyanyua dole gumba. Nikasema, "Wasikilizaji, maelezo ya wimbo huu niliyatunga mwenyewe. Maneno yake sikuyajua. Maana yake ya kweli mgeni wetu atawaambia." Nikaliona dole gumba likishuka.

Nilisimamishwa mwezi mmoja. Niliporudi nikapewa chumba cha maktaba, kupanga kanda na sidii, nisiguse kipaza sauti tena. Nilistahili, na siwezi kumlaumu mkuu.

Siku ya nne maktaba, mlinzi akaniambia kuna mama ananiulizia, mama Ambakisye. Nilijifungia ndani. Nikamsikia akivuta kiti pale nje, akakaa. Hakugonga. Baada ya nusu saa nikaona aibu, nikafungua, nikapiga magoti.

"Shikamoo mama. Nisamehe."

"Marahaba. Inuka, sakafu ya baridi hiyo." Alikuwa mdogo wa mwili, kanga kaifunga kiunoni. "Shemeji zangu wakisema nizike nilikuwa nawabishia, maana wananijua, wananihurumia. Wewe hukunijua. Nikasema huyu hana sababu ya kunidanganya. Kumbe hata wimbo wenyewe uliacha kungoja."

Akanipa karatasi iliyoandikwa na mjukuu wake, tangazo la msiba.

"Nataka ulisome wewe," akasema. "Sauti ile ile."

Mkuu wa Kituo aliruhusu, mara moja tu. Nikasoma jina la Ambakisye, jina la baba yake, ukoo, siku ya kukutana nyumbani Iyunga. Mahali pa tarehe ya kufariki hapakuwa na kitu, nikapapita. Mama alisimama nyuma ya kioo akiitikia kwa kichwa kila jina. Hiyo ndiyo mara yangu ya mwisho kusikika redioni.

Sasa nimestaafu, nakaa na mwanangu hapa hapa Mbeya. Vijana huniuliza kazi ile ilikuwaje, nawaambia ilikuwa nzuri, na usitie sahihi usichokijua. Ninayoogopa sikuwahi kumwambia kijana yeyote kabla yenu. Malori ya Tunduma yanapita barabarani, lori moja likipunguza mwendo nachungulia dirishani. Naogopa Ambakisye atashuka, aulize kwa nini nilimtangaza. Na mara nyingine, Mungu anisamehe, najikuta nimekwisha kuomba apite moja kwa moja, asishuke.