Chungu cha Barabara ya Boma

Mjukuu wangu anaendesha lori la mpunga, na juzi amerudi nyumbani amenuna. Polisi wamemkamata akishindana mbio na lori jingine kwenye barabara ya Itungi, sasa anangoja kupelekwa mahakamani. "Bibi," ananiuliza, "kwani zamani nako mlikuwa na sheria hizi?" Nikacheka mpaka akazidi kununa. Babu yake alinusurika kuchapwa viboko kwa sheria hiyohiyo, na hakuwa na lori wala gurudumu. Alikuwa na mabega tu.

Hiyo ilikuwa enzi ya Mjerumani. Mume wangu alikuwa mchukuzi wa machila, kile kitanda cha turubai kilichoning'inizwa kwenye mti mrefu. Mzungu hulala ndani, wanaume huuweka mti mabegani, wawili mbele na wawili nyuma, na safari huendwa kwa mchakamchaka na nyimbo. Vijana wakishaanza kuimba, damu huchemka. Machila mbili zikikutana njiani, kila kundi linataka kuwa mbele. Wazungu wengine walipenda, wakapiga makofi humo ndani na kuwachochea wakimbie zaidi. Halafu siku moja mkubwa mmoja akamwagwa kwenye matope na sheria ikatoka.

Akida, mtu wa pwani, alikuja kuitangaza kwetu Njisi. Machila zisikimbizane kwenye barabara ya Boma. Mchukuzi atakayeshindana atalazwa chini apigwe hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, kisha atafungwa mnyororo akalime barabara pamoja na wafungwa. Mama mkwe wangu, ambaye hakujua kunyamaza, akauliza, "Na anayebebwa je, akisema kimbieni?" Akida akajifanya hakusikia. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mh! Msumeno ule ulikuwa na meno upande mmoja tu.

Mimi wakati huo nilikuwa bibi harusi, sijamaliza hata mwaka kwa mume. Na kwetu Wanyakyusa, hata sisi tuliobatizwa, mkaza mwana hamtazami baba mkwe. Humkuti njiani, huketi alipo, hutaji jina lake. Ukisikia anakuja unajificha, naye akikuhisi anageuza uso. Si chuki, jamani, ni heshima. Kwenye vijia vyetu vya zamani haikuwa kazi kabisa: kijia kinapinda, migomba imejaa pande zote, unaingia humo, unainama, mzee anakohoa, anapita, unatoka. Lakini barabara ya Boma ilinyooshwa. Migomba yote ya kandokando ilikatwa kwa amri, pembeni wakachimba mifereji. Kwa mkaza mwana barabara ile ilikuwa uwanja mtupu.

Basi siku moja nilikuwa natoka ufukoni mwa ziwa, kwa wanawake wa Kikisi wanaofinyanga vyungu. Nilikuwa nimechagua kimoja kizuri, cha tumbo pana, nimekitwika kichwani. Chungu changu cha kwanza cha nyumbani kwangu! Nyuma yangu nikasikia nyimbo za wachukuzi wanaotoka melini, nami nikashika upande mmoja ili wapite. Mara mbele yangu namwona mzee mrefu mwenye fimbo. Baba mkwe.

Lo, nilichanganyikiwa. Upande wangu mfereji ulikuwa umejaa maji. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na shamba la mahindi. Sikutazama nyuma, nilikimbia kukata barabara, chungu kikaniponyoka, kikapasuka katikati, nami nikatumbukia kwenye mahindi nikakimbia mpaka pumzi ikaniishia. Nyuma yangu nilisikia kishindo na kelele, lakini mguu haukurudi. Nilifika nyumbani nikilia chungu changu, mjinga mimi, kumbe kilichovunjika kilikuwa kikubwa zaidi.

Jioni mama mkwe alikuja mlangoni, uso umemkauka. Machila ya mbele ilikuwa ya mume wangu. Aliponiona nimekatiza aliuvuta mti pembeni ili wasinikanyage. Machila ya nyuma haikuweza kusimama. Ikaja ubavuni, miti ikagongana, mzungu wa nyuma akaanguka akavunjika mkono. Askari aliyekuwa mbali alichoona ni machila mbili sambamba na moja chini. Akasema walikuwa wanashindana. Wachukuzi wote wamefungwa, na kesho bwana wa Boma, aliyekuwa amepiga hema Ikolo, atawahukumu.

"Kwa nini hasemi ni mimi?" nikauliza.

"Akuseme wewe upelekwe mbele ya baraza, na baba yake ameitwa kuketi pale na wazee?" akajibu. "Amewaambia wenzake hakuna mtu aliyekatiza. Nao ni rika lake, wamefunga midomo. Watachapwa wote."

Usiku huo niliona aibu na nikaona hasira. Hasira kwa mume wangu kwa kunipenda kijinga namna ile. Alfajiri nikamwambia mama mkwe, "Twende." Hakuuliza wapi. Tulipopita pale barabarani niliokota shingo ya chungu changu, nikaifunga kwenye nguo.

Baraza lilikuwa ndani ya uzio wa matete. Nikasimama nje, nimejifunika uso, mama mkwe akichungulia na kuninong'oneza. Wachukuzi wameketi chini mikono imefungwa. Mzungu aliyevunjika mkono yuko kwenye kiti. Baba mkwe ameulizwa, kwa kuwa alikuwa barabarani, naye amejibu, "Niligeuza uso, sikuona." Akida amemuuliza alimgeuzia nani uso, naye amekataa kumtaja. Watu wa Boma wamecheka: mzee anamficha mwanawe.

Mama mkwe akapaza sauti juu ya uzio: "Yuko shahidi hapa!" Akida akasema aingie. Nikainua mguu, nikaurudisha. Nitaingiaje alipo yeye? Wakaniita tena. Nikasikia bwana wa Boma anasema kwa ukali, na akida akatafsiri: kama hakuna shahidi, aanze yule wa mbele. Yule wa mbele alikuwa mume wangu. Walikuwa wanamlaza.

"Mungu wangu, amesimama," mama mkwe akaninong'oneza. "Mzee amesimama."

Amri ya baraza ilikuwa moja, na kila mtu aliijua: hakuna anayeondoka kabla ya bwana kufunga shauri. Askari wa mlango alimwambia keti. Baba mkwe akasema, kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia, "Anayemzuia shahidi ni mimi. Natoka ili aingie." Akatoka upande wa pili, wakamkamata kule nje. Mimi nikaingia.

Nilisema yote. Sikutaja jina, nilisema "yule niliyemkimbia." Akida wa pwani hakuelewa, wazee wakamweleza. Nikafungua nguo nikaweka shingo ya chungu chini. Ndipo mzungu mwenye mkono uliovunjika akasema, na akida akatutafsiria, kwamba ni kweli, alisikia chungu kikipasuka kabla hajaanguka. Askari naye akakiri vigae aliviruka. Bwana wa Boma akasema hapakuwa na mashindano. Wafunguliwe.

Nilidhani yamekwisha. Nikamtazama mume wangu naye akanitazama, tukataka kucheka. Akida akaendelea: mzee amevunja amri ya baraza, atapigwa viboko kumi. Wazee wakasihi, mume wangu akaomba apigwe yeye. Sheria ni sheria, wakaambiwa.

Nilivisikia vyote. Sikusikia sauti yake.

Wengine walipokwenda kumpa pole na kumwambia "ndaga", asante, kwa ujasiri wake, mimi sikuweza kwenda. Mkaza mwana haendi. Nilichemsha maji, nikaponda majani, nikapika ndizi laini, na vyote alivipeleka mama mkwe. Vyombo vilirudi vitupu, bila neno. Nikajua amenikasirikia. Ningekuwa yeye ningekasirika pia.

Alipoweza kutembea, watu walikuja wakicheka nyumbani kwetu: mzee anapita barabara ya Boma ametwika chungu kichwani! Mwanamume mzima! Wanawake wa Kikisi walimtania tangu ufukoni, wala hakujibu. Nikaingia ndani haraka. Nikasikia fimbo, kisha kitu kizito kinawekwa taratibu kwenye migomba. Kikohozi. Nikangoja kikohozi kiende mbali, ndipo nikatoka.

Kilikuwa na tumbo pana kuliko cha kwanza. Nilimpikia humo miaka yote mpaka alipokufa, na sura yake siijui.